Kijiti Kando ya Ufa

Picha ya kwanza ya binti yangu ni kisigino. Si uso, si kicheko, si lile gauni jeupe la ubatizo nililolipiga pasi mpaka mkono ukauma. Kisigino. Kimejaa karatasi nzima, kina mikunjo kama kabichi iliyokatwa katikati, na pembeni yake umebaki uzi mmoja wa soksi ambao hata mimi niliyemvika ile soksi sikuuona.

Nilimpelekea Maman Fotografe mtoto mzima, akanirudishia kisigino. Nilimwambia palepale, mbele ya watu waliokuwa wanangoja foto zao za karata, zile za kitambulisho:

"Maman, nilileta mutoto. Njo nini hii?"

"Njo mutoto."

"Na sura yake iko wapi?"

"Sura utaiona kila siku mpaka utaichoka. Hii kisigino, akianza kutembea, haitarudia tena. Angalia muzuri. Haiyakanyaga bado udongo."

Nilitoka nimenuna, na nilinuna muda mrefu. Leo huyo mtoto anakimbia peku kwenye changarawe za mlima wetu, kisigino kimekuwa kigumu kama mpira wa gari, na ile picha ndiyo ninayoiangalia kuliko zote. Imetundikwa ukutani. Ukuta wenyewe si ule wa zamani, lakini hilo nitalifikia.

Maman Fotografe alitoka wapi, aliolewa na nani, waulizeni wengine. Mimi nilimjua kwenye ile studio yake, chumba kimoja kando ya barabara inayoshuka Nguba, pazia la bluu mlangoni, kigoda kimoja, na nyuma ya kigoda kitambaa kilichochorwa maporomoko ya maji ambayo kila familia ya Bukavu imekwisha kusimama mbele yake. Mkate wake ulitoka kwenye foto za karata na za komunyo. Lakini juu ya rafu, ndani ya flaneli ya mtoto mchanga, alikuwa ameficha lensi fupi, nene, yenye mikwaruzo kwenye shingo. Aliiita makro. Lensi nyingine ukizisogeza karibu mno na kitu zinakataa, zinakuonyesha ukungu tu. Hii inakaribia mpaka inataka kukigusa, na tundu la sindano linakuwa mlango unaoweza kupita na ndoo kichwani.

Kwa makro hiyo alipiga vitu ambavyo hakuna aliyemtuma. Jicho la sambaza mkavu, yule dagaa wa ziwa letu. Meno ya kitana. Tone la mvua kwenye jani la lengalenga, na ndani ya tone, kichwa chini miguu juu, mlango wa jikoni kwake. Ukoko wa ugali. Kidole cha mama anayemenya mihogo. Watu walimwuliza, "Maman, unawaza nani atanunua foto ya kidole?" Alijibu, "Sura inajua kudanganya. Kidole haikusoma ile masomo."

Ukitaka kumwona amekuwa mpole, mwangalie akipiga. Wakati mwingine wote alikuwa na mdomo wa pilipili. Mashine aliilaza juu ya kamfuko ka maharagwe, kwa sababu, alisema, kwa karibu namna ile hata moyo wako ukipiga picha inatikisika. Mwanga hakuutoa kwenye flashi. Kwa flashi, lensi yenyewe ingetupa kivuli chake juu ya kitu. Alichukua sahani nyeupe ya chuma, ile ya kulia chakula, akaigeuza dirishani, na mwanga wa mawingu ukaruka kutoka kwenye sahani ukaangukia pale alipotaka. Vumbi alilipuliza kwa kile kimpira cha kuvuta kamasi ya watoto. Halafu anatoa pumzi yote, anabaki bila, na kidole kinashuka. Ukikohoa wakati ule umejitafutia vita.

Yale maharagwe yana habari yake. Mwezi mmoja njaa ilimbana, akayapika. Wiki zilizofuata kila foto ilitoka na ukungu, naye akawaambia wateja kwamba mashine ina malaria. Nani alimwamini? Vijana wa barabarani wakawa wanapita mlangoni wakisema, "Leo usiingie, maman amekula muguu ya mashine." Alitoka na fagio. Kesho yake nilimpelekea maharagwe kutoka Walungu, yale mekundu. Hakusema aksanti. Alisema, "Iko mazito kupita ile yangu. Itasaidia."

Alikuwa hivyo. Alipiga kila mtu karibu mpaka kwenye nywele za pua, lakini yeye mwenyewe hakuna aliyempiga. "Mupishi hajipiki," alisema. Alikataa kufuta chunusi ya bibi harusi kwenye foto, alisema ni uongo mbele ya Mungu, na huku kila Jumamosi alipaka nywele zake dawa nyeusi kabla ya misa ya kwanza ya Jumapili. Aliona mguu wa nzi, lakini ukikutana naye njiani alikupita kama anayepita mti wa umeme, bila salamu. Nilimkasirikia kwa ajili ya hilo zaidi ya mara moja. Wanaosema mimi ni mtu wa hasira hawakukosea. Nina diploma yangu ya sekondari sandukuni na nina mdomo wangu, na katika mji huu kilichonisaidia zaidi ni mdomo.

Wanakumbuka bado ile siku ya mahari alipoitwa kupiga foto. Upande wa kijana walileta vitenge vimefungwa kwa utepe, wakisema ni wax ya kweli. Yeye akawaacha wazee na hotuba zao, akainamia kitenge, akaweka makro. Halafu akamwonyesha mama wa msichana kwenye kioo cha mashine: rangi imekaa juu ya nyuzi tu, kama mafuta juu ya maji, na chini nyuzi ni nyeupe. Wax ya kweli inazama pande zote mbili. Shangazi wa kijana akaruka:

"Weye maman, tulikuita ku mahari ao ku duane, ukague mizigo?"

"Mulinambia nipige vyote byenye mulileta," akajibu. "Napiga."

Ndoa ilifungwa, lakini vitenge vilirudi kwao na vingine vikaja.

Sasa ukuta. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali, juu mlimani, pale ambapo njia ya miguu inakuwa ngazi za mawe. Juu yetu bosi mmoja alianza kujenga etaji, nyumba ya ghorofa. Alikata mlima kama mtu anayekata keki, na mtaro wa maji ya mvua akaugeuza ushuke kwetu. Mvua za kwanza zilipokuja nikaona ufa kwenye chumba wanacholala watoto. Ulianzia kona ya dirisha ukashuka mpaka juu ya kitanda. Niliwasha hasira yangu yote. Nilikwenda kwa kapita, msimamizi wa kazi ya bosi. Akacheka.

"Maman, nyumba gani ya Bukavu haina ufa? Hata kanisa iko nayo."

Nikaenda kwa shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, mzee mwenye heshima na miwani iliyofungwa kwa waya. Akaja, akaangalia, akasema ule ufa ni wa zamani, ulikuwepo kabla ya etaji. Nikasema si kweli, umezaliwa mwaka huu. Akauliza, "Unajuaje?"

Na hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu sikujua. Hakuna mtu mlimani kwetu anayejua umri wa ufa wake. Kila Desemba, kabla ya Noeli, tunachanganya udongo na saruji kidogo, tunaziba, tunapaka rangi, nyumba iwe safi kwa Bonne Année, sikukuu ya mwaka mpya, wageni wasicheke. Mwanamke ambaye hajaziba nyufa zake kabla ya sikukuu anasemwa mpaka Pasaka. Kwa hiyo kila Januari kuta zetu ni changa kama bibi harusi, na mvua zikija kila mtu anasema, lo, ufa mpya. Sisi wenyewe tunafuta ushahidi, tena kwa burashi, tena tukiimba. Baba wa watoto alikuwa tayari ameshika ndoo ya udongo. "Tuzibe," alisema. "Inatisha batoto."

Nilimnyang'anya ndoo, nikashuka Nguba.

Maman Fotografe alipanda mlima wetu akipumzika kwenye kila ngazi na kumtukana bosi kwenye kila pumziko. Alipofika hakuangalia nyumba. Alikwenda moja kwa moja kwenye ufa, akaweka shavu ukutani, akaufuata kwa jicho kutoka juu hadi chini. Akapiga. Alirudi Jumapili baada ya Jumapili, na mwezi ulipoisha tukaenda na zile foto kwenye mkutano wa avenyu.

Tulichekwa. Foto zilikuwa nzuri mno, hilo ndilo lilikuwa kosa. Ufa ulikuwa umejaa karatasi, kingo zake zimebomoka kama kingo za bonde, ndani giza. Kapita alizishika juu watu wote waone.

"Batu, muangalie! Bametuletea foto ya muto Ruzizi. Daraja iko wapi?"

Hata shefu alicheka chini ya miwani. "Maman, kwa hii mashine yako hata jeraha ya mbu inakuwa kaburi. Nitajua namna gani kama inapanuka?"

Tulipotoka nilimwambia mbele ya watu, njiani, bila haya. Nilikuwa nimemwomba tangu mwanzo aweke kitu kando ya ufa, kitu ambacho mtu anakijua, ili macho yapime. Alikuwa amekataa. Alichukia kitu cha ziada kwenye foto yake. Alisema foto si duka.

"Maman, foto yako iko nzuri," nilimwambia. "Iko nzuri sana. Na batoto yangu balale chini ya uzuri wako?"

Alinipita kama mti wa umeme. Nilidhani nimempoteza.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alikuwa mlangoni kwangu na nguo zake za kanisa. Hakunisalimia. Alitoa mkobani chupa ya rangi nyekundu ya kucha na kijiti kimoja cha kiberiti. Alitia tone la rangi upande mmoja wa ufa. Akaweka kijiti kimelala, kimevuka ufa, kitako chake kimegusa lile tone. Pale kichwa cha kijiti kilipofika, upande wa pili, akatia tone lingine. Sakafuni nako akatia matone, pale miguu ya kigoda nilichompa iliposimama, ili kila Jumapili mashine ikae mahali palepale. Akalaza mashine juu ya maharagwe ya Walungu. Mimi nilishika sahani.

"Usipumue," akaniambia.

Sikupumua.

Kijiti kile alikitia kwenye kikopo cha filamu cha zamani na akashuka nacho kwake. Kila Jumapili alikipandisha. Mara ya kwanza kilitoka tone hadi tone. Baadaye, kwa macho, kilikuwa bado kinatoka tone hadi tone, hivyo ndivyo nilivyoona mimi, na baba wa watoto akaanza kuangalia ndoo yake. Lakini kwenye foto, kati ya kichwa cha kijiti na lile tone la pili, palikuwa na mwanya. Mwembamba, kama unene wa karatasi. Jumapili nyingine, kama unene wa ukucha. Siku ile nilihamisha kitanda cha watoto kikaenda chumbani kwetu, nikamwambia mume wangu asiniulize kitu.

Kwenye mkutano wa pili kapita alikuja na jibu lake tayari.

"Bamekata kijiti! Kiberiti iko mingi mu Bukavu. Banaweka murefu, kisha banaweka mufupi."

Watu wakanong'ona. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, na kilichokuwa kinatoka hakikuwa cha mbele ya wazee. Maman Fotografe akanibana mkono. Akampa shefu zile foto kwa mpangilio, akampa na kijiti chenyewe.

"Papa shefu, angalia chini ya kichwa ya kiberiti. Unaona nini?"

Shefu akavua miwani, akaisafisha, akaivaa. "Kuko kama... kama kovu. Kama mudomo ya kifaranga."

"Na ku hii ingine?"

"Ile ile."

"Na ku hii?"

Akazipitia zote. Kovu lile lile, na chini yake mistari ile ile ya mti, ukubwa wa kidole. Akaangalia kitako: mbao imepasuka pale ilipopasuka kwenye ya kwanza, hakuna kilichokatwa. Mti una alama zake kama mtu, na makro ilikuwa imezichukua zote bila kutumwa.

"Kijiti ni kimoja," shefu akasema polepole. "Haikukatwa. Kumbe ukuta njo inatembea."

Kapita akasema bosi yuko safarini. Hilo tulilitegemea. Akina mama wa avenyu hatukumngoja arudi. Asubuhi ile ile tulipanda na majembe, shefu mbele akiwa na fimbo yake, tukachimba mtaro tukaurudisha ulikotoka. Kapita alisimama pale akipiga simu, na nilimwambia akitaka kutuzuia aje na jembe lake. Hakuja.

Maji tuliyageuza, lakini mlima ulikuwa umekwisha kukatwa. Mvua moja ya alasiri, wakati mimi napika na watoto wako kando yangu wanagombania kifuniko cha sufuria, ukuta ulilala. Haukupiga kelele sana. Ulikaa chini tu, kama mtu aliyechoka. Matofali yalijaza chumba, na mengi yalianguka pale kitanda kilipokuwa zamani. Baba wa watoto alisimama akiyaangalia. Jioni aliuliza, "Ile ndoo yangu iko wapi?" Akaitumia kubeba vifusi. Sasa tunakaa kwenye nyumba ya mbao, upande wa pili wa kiwanja. Mbao ni nyepesi, na ufa wake unauona kwa jua. Ufa wa etaji ya bosi nao ninauona, na yeye bado hajalipa hata tofali. Sijamaliza naye.

Nilipompelekea Maman Fotografe habari, nilitegemea afurahi. Aliniuliza kama nilipiga foto ya matofali kabla hayajaondolewa. Sikupiga. Akanigeuzia mgongo.

Mara ya mwisho nilipomkuta kwake ilikuwa Januari hii. Magoti yalikuwa yamemkataza kupanda milima, studio ilifunguliwa siku ambazo mwili uliamka vizuri. Mimi nilikuwa nimeweka kwenye simu yangu kale kalensi kadogo ka kubana, nazunguka avenyu, nawapigia majirani nyufa zao, kijiti kando. Nilipita kwanza kwenye milango yote mwezi wa Desemba nikiwaambia: mwaka huu hakuna kuziba, wageni wacheke. Wengine walinifungia mlango. Wengi walitii. Nikaenda kumwonyesha.

Alikuwa chumba cha nyuma ya studio, kile anacholala, amekaa kitandani, mto mgongoni. Alichukua simu yangu akaileta puani.

"Flou, iko na ukungu. Utarudia. Hii, ulipumua. Hii iko muzuri, lakini kijiti iko mu kivuli. Sahani uliacha ku nyumba?"

"Niliacha."

"Basi weye uko unafanya kazi na mukono moja."

Nilikuwa nacheka bado nilipoinua macho. Juu ya kichwa chake, kutoka kona ya dirisha mpaka kwenye ubao wa kitanda, kulikuwa na utepe wa rangi mpya. Ukuta wote ulikuwa umechakaa kwa moshi, ule utepe tu ulikuwa mweupe. Ulikuwa umepinda, na hakuna anayepaka rangi kwa kupinda bila sababu.

"Maman, njo nini hii?"

"Rangi."

"Rangi ya nini?"

"Ya Bonne Année. Bajukuu balikuja."

Nilihisi kichwa kinapata moto. "Weye! Weye njo ulinifundisha! Niko nazunguka mulima muzima natukanwa ku milango ya batu, na weye unaziba?"

"Nilikufundisha ya kwako," akasema. "Hii iko nyumba yangu. Sitaki mutu aingie aone mambo yangu."

Sikuomba ruhusa. Kulikuwa na kijiko kwenye sahani yake nyeupe. Nilipanda kitandani na viatu vyangu nikaanza kukwangua.

"Unanivunjia nyumba!"

"Apana. Naivua nguo tu."

"Mutoto wa mushenzi!"

"Mimi njo ule."

Rangi ilianguka juu ya shuka, na udongo wa kuzibia nyuma yake. Chini yake ufa ulikuwa umefunguka kiasi cha kuingiza ukucha wangu. Niliuingiza ili auone. Akageuza shingo. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mwezi wa Agosti haikuwa vile."

Alijua, basi. Alikuwa ameuangalia.

Akanyoosha mkono kwenye rafu, akashusha kikopo cha filamu, akakifungua. Kijiti kilikuwa bado mle, na mdomo wake wa kifaranga. Chupa ya rangi ya kucha alinielekeza kwa kidevu. Nikatia tone, nikalaza kijiti, nikatia tone lingine. Yeye akanipa kamfuko ka maharagwe niegemeze kiwiko, kisha akachukua ile sahani, akaifuta kwa pindo la kitenge chake, akaigeuza dirishani. Mwanga ulicheza ukutani, ukapita juu ya ufa, ukaukosa, ukaurudia.

"Maman, tuliza mukono."

"Weye, usipumue."

Tulingoja. Sahani ikatulia. Nikapiga.

Aliidai simu, akaiangalia karibu, karibu kabisa, akitafuta kosa. Hakupata. Akanirudishia.

"Jumapili utarudi," akasema. "Saa hii hii."

"Nitarudi. Na sasa ushuke hapo, tusogeze kitanda."

Alinikazia macho kama angenipiga. Kisha akashuka polepole, goti moja na jingine, akaweka sahani chini, akashika upande wake wa kitanda.